Chakula cha Kithai kina afya au hakina? Tukiangalie kwa macho ya mtu wa Kigoma

Mwezi uliopita grupu letu la familia lilichafuka kwa sababu ya bakuli moja la supu. Mama mkubwa alikuwa Dar kwa kliniki yake ya presha, dada akampeleka mgahawa wa Kithai, picha zikatumwa, na kabla bakuli halijapoa baba mdogo wa Ujiji kashaandika "hilo tui litamuua dada yangu", shangazi wa Kasulu akamjibu kwamba Wathai ni wembamba kwa sababu chakula chao ni majani matupu, mwingine akaleta habari za ajinomoto, ule unga wa kuongeza ladha, mwingine vidonda vya tumbo, mpaka saa tano usiku watu wanatumiana voisi za dakika nne nne. Na Mama mkubwa mwenyewe aliyekula hakuna hata mmoja aliyemuuliza alikula nini.

Mimi nilikaa miaka miwili jikoni kwenye hoteli moja Dar kabla sijarudi Kigoma, na tulikuwa na mpishi Mthai, kwa hiyo nikaombwa "hebu toa ufafanuzi". Voisi haikutosha, ndio maana naandika.

Kwanza tuondoe ugeni. Mtu akisikia Kithai anadhani ni vitu vya ajabu, kumbe ukifungua kabati la jiko lao nusu ya vitu unavijua tangu utoto. Kuna mchaichai, ule ule unaowekwa kwenye chai. Kuna ukwaju, ndimu, karanga, pilipili, vitunguu swaumu, papai bichi, nazi, kamba wakavu, wali. Kuna jani lao la kunukia ambalo ni ndugu kabisa wa kivumbasi na mrehani. Kuna mzizi unaitwa galanga ambao ni kama binamu wa tangawizi, una harufu kali zaidi. Kitu kigeni kuliko vyote ni sosi ya samaki, wao wanaiita nam pla, na hiyo ndio ntakaa nayo muda mrefu kwa sababu ndio inayowagusa wenye presha na hamna mtu kwenye grupu aliyeitaja.

Sosi ya samaki ni hivi. Wanachukua dagaa wadogo wa baharini, wanawachanganya na chumvi nyingi, wanawafungia kwenye mapipa, na wanawaacha humo kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, halafu kile kioevu kinachochujika, cha rangi kama chai ya rangi, ndio sosi yenyewe. Dagaa wa kwetu wa Kibirizi, hapa Kigoma, tunawaanika juani wanakauka, wale wanazamishwa kwenye chumvi mpaka wanayeyuka. Ukiinusa kwenye chupa unaweza kukimbia, ila ikishaingia kwenye karai la moto harufu inageuka inakuwa utamu fulani wa nyama. Wathai wanaitumia pale ambapo sisi tunatumia chumvi ya unga. Inaingia kwenye supu, kwenye saladi, kwenye mchuzi, kwenye tambi, na nyingine inawekwa mezani pembeni ikiwa na pilipili zilizokatwa.

Sasa hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wamejumlisha kila kitu, mkate wa asubuhi, mboga ya mchana, kachumbari, vyote. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya samaki kina chumvi ya gramu 3 mpaka 4 kutegemea na chapa. Kijiko kimoja! Na mpishi hapimi kwa kijiko, anapima kwa ule upawa wake mrefu, anachota anamwaga. Nimesimama pembeni nikaona kwa macho yangu, sahani moja ya tambi inapigwa sosi ya samaki, halafu sosi ya soya ambayo nayo ni chumvi tupu, halafu sosi ya chaza juu yake.

Utauliza, mbona sasa sikusikia chumvi mdomoni? Hapo ndipo penyewe. Mpishi wa Kithai anatafuta ladha nne zikae pamoja, chumvi, utamu, uchachu na ukali wa pilipili, na akizipatanisha vizuri hakuna moja inayopiga kelele. Ndimu inaficha chumvi, sukari inaificha tena, pilipili inakushughulisha na mambo mengine. Kwa hiyo ulimi unasema chakula kiko poa wakati figo zinapokea mzigo. Mzee wangu mmoja mwenye presha huwa anajisifu "mimi sili chumvi, siweki kabisa chumvi mezani", na ni kweli haweki, ila akiletewa bakuli la namna hii anakunywa mpaka anainamisha bakuli.

Kitu cha pili ni tui. Hapa baba mdogo alikuwa na hoja, ingawa aliipiga kwa rungu. Sio kila chakula cha Kithai kina tui, wengi hawajui hili. Vyakula vya tui ni zile michuzi mnazoziona kwenye picha, ya kijani, ya nyekundu, ile wanaiita massaman yenye viazi na karanga, panang, na supu moja inaitwa tom kha. Kikombe kimoja cha tui zito la kopo kinaweza kupita kalori 400 na karibu zote ni mafuta, na mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 yake ni yale ya kuganda, yale ambayo ukizidisha yanapandisha kolestro mbaya kwenye damu.

Na hapa wana Kigoma msianze kunicheka mkidhani mawese yamepona, mawese nayo karibu nusu ni mafuta ya aina hiyo hiyo. Kijiko kwa kijiko mawese yanalishinda tui maana mawese ni mafuta matupu wakati tui lina maji mengi ndani yake. Lakini niambieni, nani anakaa chini anakunywa kikombe kizima cha mawese? Kwenye sombe, yaani kisamvu, unaweka vijiko kadhaa sufuria nzima, familia nzima inakula. Bakuli la mchuzi wa kijani la mgahawani linaletwa mbele yako peke yako na linaogelea kwenye tui.

Kuna uvumi kwamba tui halina shida kwa sababu nazi haina kolestro. Kweli, nazi haina, mimea yote haina kolestro ya maana. Ila kolestro ya damuni sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe, na mafuta ya kuganda ndio yanafanya ibaki nyingi kwenye damu. Ni sawa na kusema sigara haina malaria.

Cha tatu ni sukari, wao wanatumia sana sukari ya mnazi au ya aina nyingine za mitende, madonge ya kahawia yanayofanana na sukari guru. Watu wakiona kahawia wanasema hii ya asili haina madhara. Mwilini ni sukari, basi. Iko kwenye pad thai, zile tambi zao za kukaangiza, iko kwenye saladi ya papai, iko kwenye mchuzi wa karanga wa mishikaki. Thailand kwenyewe wanajua wana kazi na sukari, mwaka 2017 serikali yao ilianza kutoza kodi vinywaji kulingana na wingi wa sukari. Na ukienda kula tambi za supu kule, mezani unakuta vikopo vinne, sosi ya samaki, siki yenye pilipili, pilipili ya unga, na cha nne ni sukari, mtu anajiwekea sukari kwenye supu. Mpishi wetu alikuwa anafanya hivyo kila siku mchana, mimi nilikuwa namwangalia tu.

Kinywaji ndio usiseme. Ile chai yao ya rangi ya chungwa yenye barafu, ambayo Mama mkubwa alipiga nayo picha, ni majani ya chai, sukari, na maziwa mazito ya kopo ambayo nayo yana sukari. Glasi ni kubwa, na kwa sababu chakula kina pilipili unaimaliza haraka unaita nyingine. Mtu wa kisukari anaweza akakataa keki kwa ujasiri mkubwa halafu akanywa glasi mbili za hiyo. Ukali wa pilipili hautolewi na maji wala soda, ile dawa ya pilipili haiyeyuki kwenye maji, unazungushwa tu mdomoni. Tonge la wali au maziwa kidogo yasiyo na sukari yanasaidia zaidi.

Halafu kuna huu utapeli tunaojifanyia wenyewe: "Sikula wali, nimekula tambi." Ndugu yangu, tambi za pad thai zimetengenezwa kwa mchele. Ni wali umesagwa ukafanywa kamba. Kwa mwenye sukari hesabu ni ile ile, na pad thai ina nyongeza ya sukari na mafuta juu yake. Wali wa kunata wenyewe ndio unapandisha sukari haraka zaidi, na ukiwekewa embe na tui tamu inakuwa ni kitindamlo kinachotosha watu watatu, sio mmoja. Migahawa mingine ina wali wa mchele usiokobolewa, ukiupata agiza, una nyuzinyuzi, ila hata huo kiasi chake kiwe cha ngumi moja hivi sio mlima.

Sasa mjue na huku, maana mpaka hapa naonekana kama nachukia hiki chakula na mimi nakipenda kweli kweli. Shangazi wa Kasulu naye hakukosea yote. Kwenye vyakula vya migahawani hiki ni mojawapo ya vinavyokupa nafasi kubwa ya kula vizuri, kwa sababu mboga ziko nyingi na hazijapikwa zikafa, samaki na kamba wapo, majani ya kunukia yanafanya kazi ambayo kwingine inafanywa na mafuta, na vyakula vingi vinapikwa ukishaagiza kwa hiyo unaweza kuongea na jikoni. Hilo la mwisho watu wanalipuuza. Chipsi kuku imeshakaangwa, utamwambia nini muuzaji? Lakini karai la Mthai linawashwa kwa ajili yako, mhudumu akiandika "sosi ya samaki kidogo, sukari kidogo" mpishi anaweza. Hata Thailand watu wanaagiza hivyo, ukisema wan noi maana yake utamu kidogo, mai phet maana yake bila pilipili kali. Mchuzi wa tui hauwezi kupunguzwa hivyo maana viungo vyake vilishasagwa na chumvi ndani na mara nyingi na kamba waliovundikwa, huo ni wa kuacha au kuonja.

Kwa hiyo uagize nini. Mimi kwa mtu wa presha namba moja ni samaki mzima wa mvuke mwenye ndimu, pla neung manao, samaki anapikwa kwa mvuke halafu anamwagiwa maji ya ndimu, vitunguu swaumu, pilipili na giligilani. Mafuta karibu hakuna. Chumvi ipo kwenye ule mchuzi wa chini, kwa hiyo unaomba mchuzi uletwe pembeni kwenye kibakuli, unachovya, humwagi. Mtu wa Kigoma anayejua kuchambua mgebuka hana cha kujifunza hapo.

Saladi ya papai bichi, som tam, ni nzuri sana, papai linatwangwa kwenye kinu cha udongo pamoja na nyanya, maharage mabichi, karanga na ndimu. Omba wapunguze sosi ya samaki na sukari. Kuna aina nyingine ya kaskazini mashariki mwa Thailand inayowekwa samaki wa mtoni waliovundikwa na kaa wa chumvi, hiyo achana nayo, chumvi yake ni balaa, na kule kwao samaki wa maji baridi wakiliwa wabichi huleta minyoo wa ini.

Supu ya tom yum, ambayo ndio ilianzisha vita yetu, iko ya aina mbili. Ya maji meupe, yaani maangavu, haina mafuta ya kutisha, mchaichai, galanga, kamba, uyoga, ndimu. Ya pili imetiwa maziwa na inakuwa nzito. Mama mkubwa alipata ile ya maji meupe, kwa hiyo baba mdogo uliona tui ambalo halikuwepo, pole sana. Kosa lake Mama mkubwa lilikuwa kuinywa yote, maana chumvi yote inakaa kwenye maji. Kula kamba, kula uyoga, onja maji vijiko vichache, bakisha.

Najua hili la kubakisha mchuzi linawauma. Sisi mchuzi ndio wenyewe, mtu anaweza kuacha nyama lakini sio mchuzi, na wali bila kumwagiwa mchuzi tunauona umeonewa. Lakini kwa chakula hiki kama utakumbuka kitu kimoja tu kumbuka hicho, chumvi, sukari na tui vyote vinaishi kwenye kioevu, ukichota vilivyomo kwa uma ukaacha mchuzi umeepuka sehemu kubwa ya tatizo bila hata kubadilisha ulichoagiza. Wathai wenyewe wanakula kwa kijiko na uma, vile vijiti ni vya tambi tu, na kwa kawaida mabakuli yanawekwa katikati, kila mtu na wali wake kidogo, mnachota kijiko kijiko. Kama sinia letu tu. Bakuli la mchuzi wa kijani kule linaliwa na watu watatu au wanne, huku kwetu kila mtu anaagiza lake analimaliza, halafu tunasema Wathai mbona hawanenepi.

Mkiwa watu watatu agizeni samaki mmoja wa mvuke, sahani ya mboga za kukaangiza haraka, som tam, na kama roho inataka tui basi bakuli moja la wote. Zile sambusa zao ndefu za kukaanga, na kuku wa kudumbukizwa kwenye mafuta, ni kama sambusa na chipsi za popote, jina la Kithai halijazitakasa.

Ajinomoto nimalize haraka. Ilitengenezwa Japani baada ya Kikunae Ikeda kuigundua ile ladha mwaka 1908 kwenye mwani wa supu, ni chumvi ya aina fulani yenye sodiamu kama asilimia 12, wakati chumvi ya kawaida ina karibu asilimia 40. Sodiamu ndio ile inayopandisha presha. Kwa hiyo mtu anayeogopa ajinomoto huku anamimina sosi ya samaki anafukuza panya wakati nyumba inaungua.

Pilipili nayo imesingiziwa vya kutosha. Vidonda vya tumbo kwa wengi vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua, na sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zikitumika sana. Pilipili haichimbi kidonda, ila ukiwa nacho tayari inaweza kukukumbusha kwa uchungu, hapo sema mai phet. Na wale wanaosema pilipili inayeyusha mafuta ya mwilini, inachofanya ni kidogo mno, hata wali uliokula nayo hakiufuti.

Mambo mawili ya pembeni. Waislamu wa Ujiji, nguruwe yupo sana kwenye menyu za Kithai na karai linaweza kuwa moja, kwa hiyo uliza kabla, ingawa massaman yenyewe ina asili ya Waislamu na kusini mwa Thailand wapo wengi. Na mwenye mzio wa karanga au kamba asitegemee macho, vitu hivyo vinasagwa ndani ya sosi, hata "mboga tupu" mara nyingi ina sosi ya samaki au ya chaza. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za presha amuulize daktari wake kiasi, mimi ni mpishi tu.

Mama mkubwa amesharudi. Kigoma sijaona mgahawa wa Kithai mpaka leo ila vitu vya kupikia samaki wa mvuke vipo soko la Mwanga, kwa hiyo Jumapili tulichukua kuhe mmoja, samaki wa ziwa letu, tukampasua tukamjaza mchaichai uliopondwa, tukamweka kwenye sahani juu ya kopo ndani ya sufuria yenye maji kidogo, tukafunika mpaka nyama ikaanza kuachia mfupa. Juu ndimu tatu, vitunguu swaumu, pilipili mbuzi, giligilani, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili kwa samaki mzima. Pembeni ugali wa muhogo. Mama mkubwa alirudia mara mbili. Baba mdogo naye alikula, akasifia, akalamba vidole, halafu akageuka taratibu kuelekea jikoni akauliza chumvi iko wapi.